Baba Mkwe Analaumu Miguu Yake

Mshauri wangu, naomba unisitiri kwanza, halafu unisaidie. Mimi ni fundi redio, nina miaka sita kwenye ndoa, na baba mkwe wangu ni dereva mstaafu mwenye pikipiki ya zamani ambayo platini zake, vile vidude vinavyoamua cheche iwake lini, zilikuwa zimelika na mpya hazipatikani tena, basi nikamwambia Baba niachie mimi, nikamtengenezea saketi kwa vipuri vya redio mbovu, nikaifunga ndani ya kopo la dawa ya viatu, pikipiki ikawaka, akawa anasimamisha kila mpita njia, "Hii kaitengeneza mkwe wangu, huyu huyu mnayemwona," nami kichwa kikavimba.

Siku chache baadaye nikagundua kwamba cheche inawahi, inawaka kabla ya wakati wake, lakini baada ya sifa zote zile niliona haya kumwambia airudishe, nikasema moyoni nitairekebisha Jumamosi, na Alhamisi asubuhi Baba akapiga kiki, kiki ikarudi kwa nguvu kama teke la punda, ikamvunja kifundo cha mguu pale mlangoni pa jikoni nikiwa naosha vyombo.

Hakunilaumu. Wakati tunampakia garini alisema, "Pikipiki haina kosa, mwanangu. Miguu imezeeka, haina tena nguvu ya kukanyaga." Wengine walipokuwa naye hospitali, mimi nilibaki nyumbani, nikalifungua lile kopo nikarekebisha kimya kimya. Sasa ana plasta hadi gotini, hanyoi ndevu, na jana alimkabidhi mume wangu funguo akisema yeye basi tena. Mume wangu akaniambia, "Afadhali mzee amekubali kuwa amezeeka." Nikaitikia, "Ni kweli." Nikisema ukweli, nitamtazamaje Baba usoni?

Mkwe mwenye aibu

JIBU

Pole, dada, lakini sitakupaka mafuta. Ulimvunja mguu kwa uzembe. Unamvunja moyo kwa makusudi, kila siku unayonyamaza. Mzee wa watu analala akiamini mwili wake umemsaliti, na wewe ukweli unao. Kurekebisha kwa siri kulikuwa kufuta nyayo, na unalijua hilo.

Unauliza utamtazamaje. Kwani sasa unamtazamaje?

Leo mwambie mumeo, na funguo azirudishe kwa mwenyewe. Kupanda tena au kuacha ni la mzee na daktari wake. Pikipiki isiwashwe mpaka fundi pikipiki aipime hiyo cheche, na umweleze kila ulichogusa.

Kesho asubuhi nenda kwa mzee, kaa chini, useme: "Baba, miguu yako haina kosa. Cheche niliiweka vibaya, na nilijua." Hilo "nilijua" usilimeze. Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe, na aliyeumia ni yeye. Akifoka, msikilize mpaka amalize. Akikufukuza, toka bila kujitetea, na jioni umpelekee chakula chake kama kawaida.