Sufuria Niliyoipima kwa Pima Maji

Mama Neema,

Kwanza nikiri: chungu chako cha mlenda nimekipasua.

Baada ya arobaini yako, Neema alitaka nihamie kwake Dodoma. Alisema mwanamume aliyetumikia reli maisha yake yote hajui hata kuchemsha chai. Nikamwambia siondoki Itigi, hapa ndipo ulipolala. Basi akaninunulia jiko la gesi la pleti mbili, akanipa mwezi mmoja. "Nikirudi nikikuta unaishi kwa maandazi, Baba, tunaondoka wote."

Alinifundisha vizuri. Mtungi usimame wima, kiberiti kiwake kwanza ndipo ufungue gesi, dirisha liwe wazi. Dirisha nililifunga. Upepo wa huku unaujua, ulikuwa unazima moto kila nikigeuka. Jirani yetu Mama Rehema akanikuta nimejifungia, kichwa kinaniuma, harufu ya gesi imejaa. Akafunga gesi, akafungua dirisha, akalihamishia jiko kwenye kona isiyofikiwa na upepo. Ndipo akasema, "Shemeji, ukitaka kumfuata mkeo, usitumie gesi aliyokununulia mtoto."

Chungu kilikufa kesho yake. Nilikiosha, nikatia mlenda, nikakiweka kwenye moto mkali kikiwa bado kimelowa. Kikalia pa! Mlenda ukazima moto wote. Nisamehe.

Nikachukua sufuria yako kuukuu, ile iliyobonyea kitako. Juu ya mafiga yako ilikuwa inakaa kwa heshima. Juu ya gesi ilicheza, na nilipoanza kusonga ugali, jiko zima likaanza kutembea kuelekea ukingoni mwa meza. Nililifuata nikisonga.

Nikaona hapa ni kazi ya reli, kusawazisha. Nikaenda sokoni na kile chuma cha juu ya jiko cha kukalishia sufuria, pamoja na pima maji yangu ya kazini. Kila sufuria niliikalisha, nikaipima. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unapika au unajenga?" Nikanunua nzito, kitako bapa, masikio mawili imara. Jiko nikalishusha kwenye benchi fupi lisilotikisika. Mkono mmoja mwiko, mkono mwingine kitambaa kwenye sikio la sufuria.

Mwezi ulipotimia, Jumamosi, Neema akaja. Nilimpikia ugali na kuku. Alikula, akamega tena, akamega tena. Mwisho akanawa, akasema, "Siyo mbaya, Baba."

Nikakusanya sahani. Miaka yote ya ndoa yetu, kila uliponiuliza chakula vipi, nilikujibu hivyo hivyo. Siyo mbaya. Sikujua neno hilo linavyomuuma mtu aliyetoka motoni.

Chakula chako kilikuwa kitamu, mke wangu. Siku zote kilikuwa kitamu, hata ile Krismasi ulipotia chumvi mara mbili.

Neema ameondoka peke yake. Mimi nabaki. Jumapili nitakuja kaburini nikwambie haya kwa mdomo wangu, na kila nitakapokuja nitayarudia, mpaka ulale umeshiba.

Pumzika, Mama Neema.

Mumeo