Mfereji Nyumbani kwa Mkwe

Jumatano, 1 Oktoba 2025 – Njiru
Kesho Ujerumani! Mwongeli wangu yuko karibu kujifungua, na amesema hataki mtu mwingine ila mama yake. Kui wa hapa jirani amebaki na funguo. Nimemwambia mfereji wa jikoni auache wazi juu ya karai, wiki mbili maji hayajapita, yakija tusikie. Amenicheka. Kwani nani hapa plotini hajui hilo?

Ijumaa, 3 Oktoba – Bremen
Nimefika salama. Mwongeli miguu imefura lakini anacheka tu. Shida ni moja. Choo ni kimoja, kiko ndani ya bafu, na mlango unatazamana na kiti cha Wafula. Mkwe wangu! Mtu ninayemsalimia nikiangalia kando. Leo anisikie nikivuta maji? Aka! Nitangoja aende kazini.

Jumamosi, 4 Oktoba
Haendi kazini Jumamosi. Sijanywa chai, sijanywa maji. Mwongeli anauliza kama ni mgonjwa. Saa sita Wafula ametoka kutupa takataka, nikakimbia kama mwizi wa soko la Gikomba. Asante Mungu! Lakini amerudi mbio. Nimejifungia humo nusu saa nzima, nikingoja ahame kile kiti.

Jumatatu, 6 Oktoba
Asubuhi walienda kliniki. Nikasema leo nitaoga kama mtu. Nafungua mfereji – kavu! Kumbe hata huku kuna mgao. Nikaziba tundu la beseni la kuogea, nikauacha mfereji wazi, maji yakija yajikusanye. Nikaenda nje kuota jua.

Kurudi, nyanya wa nyumba ya chini yuko kwenye ngazi na sufuria mkononi, anafoka Kijerumani chote. Maji yamepita dari yake. Na ndani, woi! Wamerudi kliniki, Wafula amepiga magoti, suruali amekunja, anapangusa sakafu na leso yangu. Ile ya kuogea!

Nikajua basi, narudishwa Njiru na mjukuu sijamwona. Mwongeli akaniuliza, mama, kwa nini? Nikasema ndio tusikie yakija. Wafula akainamisha kichwa. Nilidhani analia. Anacheka! Ati naye mwaka wa kwanza huku alijaza kila sufuria akingoja mgao, mpaka mabuu ya mbu yakatokea. Leo mafundi walifunga maji kwa muda wa saa moja tu. Karatasi ilibandikwa mlangoni, kwa Kijerumani. Kumbe hata kule kungoja kwangu ahame kiti alikuona. Akaniambia, "Mama, choo ni cha wote. Usijitese."

Aibu, lakini nimepona. Nilishuka na mop kwa nyanya, tukapangusa pamoja bila lugha.

Jumanne, 7 Oktoba
Chai vikombe vitatu. Nimempita Wafula kwenye kiti chake, nikaingia. Nikavuta maji!

Ijumaa, 10 Oktoba – hospitali
Nilikuwa naoga, Wafula yuko nyumbani na wala sijali, mara anagonga mlango. Mama toka, uchungu umeanza! Nimetoka na povu masikioni.

Muuguzi amesema mtoto amelala vizuri tumboni, bado kidogo tu azaliwe. Nimeshusha pumzi. Mimi na mkwe tumekaa bega kwa bega. Wa kwetu wakituona!

Sasa ndio nakumbuka. Mfereji. Sijui kama niliufunga! Nimeruka juu, nimemwambia Wafula. Amefunika uso, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mama, wacha yamwagike. Keti."

Nimekaa. Huko ndani aliko Mwongeli kuna mtoto analia. Sijui kama ni wetu –