Kamanda Anakojoa Miguuni

3 Machi

Mume wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Lile jicho lililoingia cheche za kuchomelea limepona? Sisi wazima. Kamanda wetu sasa anatembea, hakuna kikombe kinachosalimika.

Ila kuna jambo. Akikojoa, mkojo unaelekea chini, unamlowesha miguu. Daktari amemkagua. Tundu la mkojo haliko nchani, liko kwa chini, na uume umepinda kidogo. Anasema wavulana wengi huzaliwa hivyo na si kosa la mtu. Hurekebishwa kwa upasuaji, na ni vizuri ufanyike sasa angali mdogo. Ametuonya tusimtahiri kwanza, maana ile ngozi ya mbele huenda wakaihitaji kutengenezea njia mpya. Angependa tukubaliane sote wawili. Unasemaje?

Mkeo,
Mama Kamanda

29 Machi

Mama Kamanda,

Mimi mzima, jicho limepona. Mwanangu asiguswe na kisu. Nimeongea na mama, anasema kwetu hakuna kitu hicho, tuulize upande wenu. Ngoja nirudi Desemba.

Mumeo,
Baba Kamanda

11 Februari

Mume wangu,

Habari za tangu hiyo Desemba uliyosema utarudi? Sasa zimepita tatu. Huku tunapumua. Wenzake wakikojolea ukuta, Kamanda anaenda pembeni kuchuchumaa. Jana watoto wakubwa walimvua kaptula wamchungulie, wakacheka.

Sikutaka kuandika haya. Nimeishi nawe, naujua mwili wako. Wewe mwenyewe uliniambia, umelaza kichwa mapajani mwangu, jinsi wenzako wa bwenini walivyokuwa wakisukuma mlango wa choo ili wakuone umechuchumaa. Nilikupenda hivyo hivyo. Mama yako pia anajua, si ndiye aliyekuogesha? Daktari aliniuliza kama baba naye alizaliwa hivyo, nikanyamaza kwa ajili yako.

Usimrithishe mwanao lile bweni. Nijibu.

Mkeo,
Mama Kamanda

17 Januari

Mume wangu,

Natumaini u mzima, maana barua hujibu na simu hupokei. Nilitia sahihi peke yangu. Walimpasua, mshono ukaacha kitundu, mkojo ukawa unavuja. Wakangoja apone kabisa ndipo wakakiziba. Safari hiyo ya pili nilimweleza daktari ukweli, kwamba nawe ulizaliwa hivyo.

Juzi Kamanda alisimama uani akakojoa mbele, moja kwa moja, akamlowesha kuku wa jirani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akaniuliza, "Na baba alipasuliwa?"

Nimwambie nini? Ukitaka, mwandikie mwenyewe, nitamsomea.

Mkeo,
Mama Kamanda

2 Februari

Mama Kamanda,

Mimi mzima. Kumbe umekaa na watu hospitalini ukanivua nguo nisipokuwepo. Nimeongeza mkataba huku, msiningoje.

Mtoto akiuliza tena, mwambie alizaliwa hivyo peke yake.

Baba yake