Gundi Isiyotaka Kukauka

Mpwa wangu Raya, uliye huko kwenye baridi,

Bandari ya Malindi haiendi bila mimi. Makuli wenzangu wanalijua hilo, ingawa hawalisemi. Meli ikinisikia nnakohoa hupunguza mwendo. Ndiyo maana fundi mkuu wa meli moja ya Ulaya alinikabidhi mwenyewe kile kikopo cha gundi, akaniinamia kama anamuaga waziri.

Unakumbuka ulivyokifungua ukumbini kwa mama yako? Ulikuwa ushapata nafasi ya kwenda kusoma kemia, na yeye hataki kusikia. Mrashi wake wa kioo wa kunyunyizia marashi, aliopewa na marehemu baba yako, ulikuwa umevunjika shingo. Ukamwambia, "Mama, nkiuunga huu, utaniruhusu?"

"Shingo ikishika, nenda. Isiposhika, utabaki hapa tukaange sambusa."

Ukapaka, ukaunga. Mimi nikatoa sauti ya mtu mzima: "Gundi lazima ikauke. Itiwe juani."

"Mjomba, hii haikauki. Ndani yake mna kitu cha kuigandisha, lakini kimefungwa kufuli. Ufunguo wake ni unyevu wa hewani. Ukiikausha, italala tu."

"Gundi inataka maji! Basi na samaki naye anataka mwavuli." Mama yako akavunjika mbavu kwa kucheka.

Nikautia mrashi ndani ya debe la biskuti, nikakaza kifuniko, nikaliweka barazani juani. Siku mbili. Tulipofungua, shingo iliteleza kama sabuni.

"Basi, Raya," akasema mama yako. "Yamekwisha."

Hukulia. Ulichovya kitambaa majini, ukakikamua, ukauzungushia mrashi, ukaomba siku mbili nyingine. Ya pili yake, ukumbi mzima ulinuka kitu kikali, kama rangi ya kucha. Mama yako akaushika mrashi kwa shingo, akautikisa, akauinua juu.  Alikwenda akautia marashi, akakunyunyizia wewe wa kwanza.

Tangu hapo nnajiuliza. Ile harufu ndiyo kufuli lenyewe lililokuwa likitoka? Likishatoka linakwenda wapi? Na ile gundi ilivuka bahari yote hiyo ndani ya kikopo, maji yameizunguka kila upande, isijue! Kumbe bati jembamba tu ndilo lililoizuia? Waulize walimu wako, uniandikie kwa maneno mepesi.

Lakini kuna jambo, Raya. Siku ile uliponieleza habari ya kufuli, nilikuelewa palepale. Ndani ya debe, chini kabisa, nilitandika chokaa isiyozimwa, nikaifunika kwa gazeti, maana nnajua inavyonyonya unyevu wote. Nilitaka usiende. Nyumbani pale wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukizisikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Wengine hunyanyuka katikati.

Nisamehe, mwanangu.

Mimi mjomba wako