Picha ya Lado Haionekani

Juba, Jumanne, 2009

Keji, wewe mjukuu wangu, mkono wako hautulii! Nani alikutuma ubadilishe jinsi folda za picha zinavyoonekana kwenye kompyuta? Nilikuwa nikifungua naona nyuso. Leo folda moja ina nyuso, nyingine ina majina tu, na majina yenyewe ni namba za kamera.

Poni, mdogo wangu, amekuja kwa boda boda kutoka Rejaf. Mwanawe Lado tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, na Jumamosi ndiyo sala ya kumkumbuka. Picha yake haipo popote ila kwenye kompyuta yetu. Nikajigamba, "Kaa, mdogo wangu, utamwona sasa hivi."

Nikafungua namba moja, nikakuta ng'ombe. Nyingine, harusi ya watu. Poni akaniangalia. "Dada, kwani mmemfuta? Mimi hata mdomo wake sikumbuki vizuri tena."

Nikabonyeza namba nyingine. Jenereta ikaishiwa mafuta, kioo kikawa cheusi. Poni akafunga leso yake akaenda bila kuniaga.

Na wewe uliporudi kutoka kazini uwanja wa ndege ukasema, "Habuba, bibi yangu, si ni kitu kidogo? Orodha ya majina inanirahisishia kazi."

Kidogo!

Na kama kweli tumemfuta...

Kesho kabla ya kwenda kazini utanunua mafuta, utarudisha picha kubwa badala ya majina kwenye folda zote, zote ziwe sawa, umtafute Lado. Ukimpata, utampeleka Rejaf wewe mwenyewe, umwombe Poni msamaha.