Zamu Yangu ya Kuteremka

Kaka Bahati,

Hujambo huko Sake? Huku Troyeville baridi ya Juni inaniuma vidole hata nikiwa kwenye cherehani. Tazama picha upande wa pili: hiyo ni theluji ya milima ya Drakensberg. Shule zikifungwa tunakwenda huko kuteleza, kila mtu na mbao mbili miguuni.

Jana watoto walikuwa wanachagua mbao za kukodi. Nikahesabu jozi tatu, na sisi tuko wanne. Nikauliza. Yule mdogo akanijibu, "Eish, Mama, si wewe utakaa kule chini ya mlima na mabegi?"

Nikakukumbuka wewe na chukudu ya baba, mbao tupu mpaka magurudumu, na magunia matano ya kabichi za Masisi juu yake. Kila mlima nilisukuma mimi. Tukifika juu unapanda wewe, unateremka ukipiga mluzi, nami nakufuata kwa miguu na matope yangu. "Msichana hateremki na chukudu," ulikuwa unasema. Hasira hiyo bado ninayo, kaka, lakini mluzi ule ningetoa chochote kuusikia tena.

Basi nimekodi jozi ya nne. Tena kule kuna mtambo wa kukuvuta mpaka juu, hakuna anayesukuma! Watoto wanasema nitaanguka. Sawa, lakini nitakuwa nimeanguka nikiteremka.

Mungu akupoze magoti hayo yanayokuuma. Nakupenda, na ubishi wako wote.

Dada yako,
Neema