Msichana wa Gazetini Si Mimi

Rumonge, Jumatano, siku ya nne ya Mfungo Nane

Kwa baba yangu Juma bin Khamisi, Ujiji.

Shikamoo baba, na mama naye nashika miguu yake. Nimeapa leo kukuambia yote bila kuficha, hata yale ambayo Shangazi Tabu angependa niyameze. Lakini kwanza nijulishe: kifua chako kimetulia? Mama bado anaumwa goti asubuhi? Bibi anakula vizuri? Sisi huku ni wazima. Shangazi ni mzima, mume wake Bwana Hamadi ni mzima, na michikichi imezaa sana mwaka huu. Ua wote unanuka mawese mpaka kibao changu cha shule kinateleza mkononi.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha wewe, si zile za Wadachi tunazosoma shuleni, ili usome mwenyewe. Tafadhali usimpe mtu mwingine akusomee kwa sauti. Sababu utaiona mbele.

Baba, jina langu na jina lako yamepigwa chapa katika gazeti la pwani pamoja na maneno ambayo sikuyasema. Nina hasira mpaka nimekipiga kumbo kidau cha wino. Ukiona wino umemwagika hapo juu, si uzembe. Nataka ruhusa yako niandike maneno mengine, ya kweli, yachapwe badala ya yale. Hiyo ndiyo haja ya barua hii. Sasa nianze mwanzo.

Baada ya Idi, Mwalimu Sefu, mwalimu wetu aliyetoka mrima, huko pwani, alituambia kila mwanafunzi aandike habari fupi: mchezo gani anaupenda kuliko yote, na kusoma gani kunamfurahisha. Gazeti lilikuwa limeomba maneno ya wanafunzi wa bara, na atakayechaguliwa atasomwa toka Tanga mpaka Bukoba. Wavulana karibu wote waliandika mbio na kuvuta kamba, kwa sababu ndiyo michezo ya askari siku ya sikukuu ya Kaisari, na waliona itampendeza Bwana Mkubwa wa boma. Mimi sikumwandikia Bwana Mkubwa. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno:

"Mchezo wangu ni kuzamia jiwe. Tunatupa jiwe jeupe penye kina, tunahesabu mpaka tatu, tunazama sote, na anayelitoa ndiye mshindi. Mimi hulitoa mara nyingi kwa kuwa nafumbua macho chini ya maji. Na kusoma ninakokupenda ni kusoma barua za watu. Wanawake wa huku huniletea barua za waume zao walioko Usumbura, nami huwasomea ndani, mlango ukiwa umeegeshwa, na sijatoa neno lolote nje."

Ndivyo ilivyo, baba. Mama asiogope mamba. Tunacheza upande wa mawe, penye maji maangavu, wasichana peke yetu, na kaniki zetu tumezifunga imara. Na habari za barua ni kweli vilevile. Kitabu cha shule kina mtoto mwema na ng'ombe wake, na tangu ukurasa wa kwanza najua mtoto yule atafanya nini. Barua siijui mpaka nifike mwisho. Kuna mume anayeandika mistari kumi juu ya mbuzi, kisha mstari mmoja wa kwamba alikuwa karibu kufa. Mara nyingine naye anayesomewa huniambia, "Rudia hapo," nami hurudia mpaka atosheke. Hakuna kitabu kilichowahi kuniambia nirudie.

Mwezi uliopita meli ilileta gazeti. Baada ya sala ya Ijumaa Mwalimu Sefu alisimama barazani akalisoma mbele ya wanaume wote, na sisi wanafunzi tumekaa chini kwenye mkeka. Akasoma: "Zuhura binti Juma, wa Rumonge, asema: Mchezo niupendao ni kushona na kusuka ukili. Majini siingii, kwa kuwa si mahali pa binti mwenye adabu. Vitabu vyangu ni vya hesabu na vya mwenendo mwema, navyo vyanitosha."

Wazee wakasema mashaallah. Mimi nikageuka nimtazame huyo Zuhura mwingine amekaa wapi.

Kushona! Mama anajua jinsi nilivyoshona kanzu yako ya Idi, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko wa pili, nawe ukaivaa hivyo hivyo.

Nilikimbia nyumbani, lakini habari ilikuwa imenitangulia. Shangazi aliacha chikichi zake motoni akanikumbatia na mikono yake ya mafuta.

"Mwanangu, umetuheshimisha!"

"Shangazi, yale si maneno yangu."

"Jina si lako?"

"Jina ni langu."

"Na baba yako si Juma?"

"Ni Juma."

"Basi!"

"Lakini shangazi, mimi naingia majini. Juzi tu umenianikia kaniki wewe mwenyewe!"

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mwenye homa. "Nimekuanikia, ndiyo. Lakini hii imepigwa chapa, Zuhura. Mashine ya Wadachi itasema uwongo kwa ajili ya nini? Haikujui."

Fikiri, baba. Macho yake mwenyewe yameniona, na bado aliliamini gazeti ambalo hawezi kulisoma. Bwana Hamadi akaona njia iliyo rahisi zaidi. Alisema, "Kama imeandikwa kwamba huingii, basi usiingie tena, na maneno yatakuwa ya kweli." Akarudi kula. Tangu siku hiyo nimekatazwa kwenda kwenye mawe. Nikienda kuchota maji, wenzangu wamo ziwani hadi shingo, na Asha, ambaye nilimfundisha mimi kuziba pua, ananiita kwa sauti kubwa, "Bibi Gazeti! Unangoja nini? Njoo utushonee maji, yamechanika hapa!" Wanacheka mpaka wanakunywa maji. Nami ningecheka kama ningekuwa ndani pamoja nao.

Hayo ningeyavumilia. Lakini sikiliza la Mama Kashindi.

Mama Kashindi ni jirani yetu, muuza ndagala, dagaa wa huku. Mume wake anapakia kuni za meli kule Usumbura, na kila barua yake nimeisoma mimi. Jumamosi nilimwona sokoni, macho yamemvimba. Nikamwamkia, "Amahoro, Mama Kashindi," akapita. Nikamfuata.

"Mama Kashindi, nimekukosea nini?"

"Weye ni mutu wa vitabu sasa," akasema bila kugeuka. "Banasema gazeti imesema hausome tena barua za watu. Ni vitabu tu."

"Nani kasema? Umepata barua?"

"Nilipata. Niliipeleka kwa karani."

Karani ni yule anayepima mizigo ufukweni, na sauti yake ni ya kuita wapagazi. Alipanda juu ya kasha akaisoma barua ya mume wa mtu mbele ya wavuvi, wapagazi na wauza muhogo. Yule mume masikini alikuwa ameandika kwamba tangu aondoke hajapata mtu wa kumkuna mgongo pale anapopajua mke wake, na kwamba mkono ule anaulilia. Karani alirudia mara mbili, bila kuombwa. Sasa Mama Kashindi akipita na sinia yake, wanaume wazima wanamgeuzia migongo. "Mama Kashindi, na mimi hapa kidogo! Chini! Kushoto!" Amesema hatamjibu mume wake tena, maana ndiye aliyemtia aibu. Mume hajui lolote. Anangoja tu.

Nilimwambia, "Ningekusomea ndani." Akasema, "Najua. Ile barua ilikuwa ya weye kuisoma." Akaenda zake.

Baba, aliyeandika kwamba vitabu vyanitosha ndiye aliyemsukuma mama huyu mpaka kwenye kasha la karani. Sikuweza tena kunyamaza. Asubuhi ya Jumatatu nilifika shuleni kabla ya wote. Mwalimu alikuwa anachonga kalamu.

"Mwalimu, uliyabadili maneno yangu."

"Niliyasafisha."

"Yalikuwa na uchafu gani?"

Akaweka kalamu chini. "Zuhura, mimi nimekusitiri. Kwetu mrima binti wa watu akiogelea mchana pamoja na watoto wa wavuvi, nani atakuja kumposa? Na kusoma barua za watu! Wangesema, ni mwalimu gani huyu anayefundisha watoto udukuzi?"

"Wananiletea wenyewe, mwalimu."

"Msomaji wa Tanga angejuaje?"

"Niliandika. Mlango umeegeshwa, sijatoa neno nje. Niliyaandika yote hayo, ukayatoa."

Akaiokota tena kalamu yake. Nami, baba, nisamehe, hasira ilinipanda nikasema, "Basi ungetia jina lako. Ungesema: Mimi Sefu napenda kusuka ukili, na majini siingii." Nyuma yangu mlangoni wenzangu walikuwa wamekwisha kufika, wakapasuka kicheko. Nilidhani atanichapa. Nilinyoosha mkono kabisa. Hakunichapa. Alichonga ile kalamu mpaka ikabaki kipande, kisha akasema polepole, "Ni kweli kwamba hapa hakuna jina langu. Andika upya. Nitayapeleka yalivyo, hata nukta sitagusa. Lakini jina la baba yako limo, na huko Ujiji bila shaka wamekwisha kuyasikia yale ya kwanza. Lete ruhusa yake."

Sitaki umchukie mwalimu. Alipotupokea shuleni sisi wasichana watatu, wazee walimcheka, naye hakuturudisha. Herufi za Kidachi ni yeye aliyenifundisha, na mwandiko wangu ameusahihisha kwa uvumilivu ambao ndugu wengi hawana. Ndiyo sababu inaniuma. Alikuwa na kilicho changu mkononi, cha kweli, kimeandikwa vizuri, akakionea haya.

Jumatatu hiyo hiyo jioni alifika Mzee Feruzi na chumvi yake kutoka Uvinza, akatupa salamu zako. Kisha akasema, "Baba yako amenenepa kwa furaha!" Akaeleza kwamba gazeti lilisomwa kwenu barazani pia, na watu wakauliza, "Juma, huyu ndiye wako?" nawe ukasimama ukasema, "Ndiye," ukaagiza kahawa kwa wote waliokuwapo.

Nilifurahi kwa pumzi moja. Kisha niliumia kuliko nilivyoumia kwa shangazi, kwa Asha na kwa karani. Shangazi hakuwapo nilipokuwa mdogo. Wewe ulikuwapo, baba. Ni wewe uliyeniingiza ziwani pale Ujiji, umenishika kidevu kwa kiganja kimoja, nikalia kwamba naogopa giza la chini. Ukaniambia, "Fumbua macho, ni giza kwa sababu umeyafumba." Nikafumbua nikaona miguu yako, na samaki wadogo wanapita katikati. Mchezo wangu wote umetoka hapo. Na kusoma barua kumetoka kwako vilevile, kwa kuwa nilikuona ukiwasomea wajane mtaani, nawe unafunga mlango kwanza. Basi msichana asiyeingia majini, asiyesoma ila hesabu na mwenendo mwema, wewe umemjua wapi?

Labda ulisema hivyo kwa kunilinda mbele ya watu. Nimejiambia hivyo siku mbili hizi. Labda ulicheka moyoni. Sitaki kukuhukumu kutoka mbali.

Maneno mapya nimekwisha kuyaandika, yako ndani ya kitabu changu yanangoja. Ni yale ya kwanza, ila nimeongeza kwamba anayetaka kusomewa barua Rumonge aje nyumbani kwa Shangazi Tabu, hata kama si wa dini yetu, na atasomewa kwa sauti ya chini. Yakichapwa, nadhani Mama Kashindi atarudi, na nitamwandikia mume wake jibu kabla hajakata tamaa. Na shangazi naye ataniamini sasa, kwa kuwa itakuwa imepigwa chapa.

Nisalimie bibi, mama yake mama, umwambie ugoro wake nitamtafutia. Nisalimie kaka Selemani fundi wa mitumbwi, na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona. Nisalimie mama mdogo Mwanaidi anayesuka watu nywele, umwambie huku hakuna anayejua mkono wake. Mwalimu wangu wa Kurani, Maalim Idi, nashika mikono yake. Na mama umpe nusu ya salamu zote hizi, zilizobaki ni zako.

Barua hii anaibeba Mzee Feruzi. Anaondoka kesho kutwa, atakaa kwenu siku nne, kisha anarudi huku. Mpe jibu mkononi mwake, hata la mstari mmoja.

Ni mimi binti yako Zuhura, mzamiaji na msomaji wa barua za watu, nakuuliza hili moja tu: maneno yangu ya kweli yakichapwa na kusomwa pale barazani, na watu wale wale wakikugeukia wakuulize, "Juma, na huyu ndiye wako?", utasimama tena?